Sinema ndani ya nyumba: Mgeni atalala wapi?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Aali zake, Masahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda baadhi yetu wakaliona dogo. Imeenea katika nyumba zetu za mijini ada ya kukitwaa chumba kisicho na mkazi, aghalabu kile tukiitacho chumba cha wageni, na kukigeuza kuwa ukumbi wa sinema. Kitanda huondolewa, madirisha huzibwa kwa mapazia mazito, runinga kubwa au projekta hutundikwa, spika hupangwa pembe zote, na sabufa huwekwa chini kama mtungi. Kijana hujisifu kwa wenzake kwamba sasa hana haja ya kwenda ukumbini, kwa kuwa ukumbi umemfuata nyumbani.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu jambo hili, misikitini na majumbani. Wapo waliotaka niseme kwa neno moja kuwa ni haramu, wapate la kuwanyamazishia watoto wao. Wapo pia waliotaka niseme ni halali, wapate la kuwanyamazishia wake zao. Sitawapa hao wala hawa wanachokitaka, kwani jambo lenyewe linahitaji kutazamwa kwa utulivu. Nami nitazungumza nikiwa mtu aliyelifanya katika nyumba yake mwenyewe na akajutia namna alivyolifanya.

Kutazama si dhambi kwa asili yake

Wanazuoni wa Fiqhi wana kanuni isemayo kuwa asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuviharamisha. Runinga, projekta na spika ni vyombo, na hukumu ya chombo hufuata kile kinachofanywa nacho. Anayemtazamisha mwanawe mafunzo ya Qur'ani au kipindi cha viumbe vya baharini hawi sawa na anayemtazamisha uchi.

Tena Uislamu haukuja kuikausha mioyo. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mama wa Waumini Bi Aisha (R.A) anasimulia namna Mtume (S.A.W) alivyomsitiri kwa shuka yake ilhali yeye akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini, na hakuondoka mpaka Bi Aisha mwenyewe alipotosheka. Tuizingatie picha hiyo. Mume amesimama pamoja na mkewe, anamsitiri, anamsubiri, wala hamharakishi. Burudani ile ilikuwa safi, ikafanyika pamoja, na mkubwa wa nyumba alikuwepo.

Hata kwetu hapa pwani burudani ya kutazama si ngeni. Wazee wetu walizijua sinema za Majestic na Cine Afrique kule Unguja, na Empire, Avalon na Odeon hapa Dar es Salaam. Palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo mama zetu na shangazi zetu walikwenda wakiwa wamejitanda mabuibui, wakalia na kucheka pamoja, kisha wakarejea nyumbani. Runinga ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, na Tanzania Bara ikaanza kupata vituo vyake mwaka 1994. Baadaye zikaja kanda za video, na pamoja nazo vile vibanda tuviitavyo vibanda umiza, ambamo watoto hujazana kwenye mabenchi kutazama wasichopaswa kutazama, bila mzazi wala mlezi.

Na sasa simu imeingia mfukoni. Kila mtoto ana sinema yake kiganjani, huitazama peke yake chini ya shuka, na baba hajui hata jina la filamu. Kwa hiyo nakiri kwamba mzazi aliyekusudia kuwakusanya watu wa nyumba yake mbele ya skrini moja, wakatazama kitu kimoja, naye akiwa ameketi kati yao, amekusudia jambo jema. Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Na mchunga hawezi kuchunga mbuzi waliotawanyika, kila mmoja katika bonde lake.

Yaliyonifika mimi mwenyewe

Kwa hoja hiyo hiyo ya kuwakusanya watoto, miaka michache iliyopita niliwakubalia wanangu. Tulikuwa na chumba cha uani chenye urefu wa mita tatu na nusu hivi na upana wa mita tatu. Wakaniambia, "Baba, chumba hiki hakina kazi. Kinakaa kimefungwa mwaka mzima." Nikaona wasemavyo ni kweli. Kitanda tukamgawia kijana mmoja aliyekuwa anaoa. Fundi akaja, akafungia viti vinne vikubwa sakafuni, akatundika skrini, akatandaza waya. Watoto walifurahi, nami nilifurahi kwa furaha yao.

Haukupita mwezi wa tatu, shangazi yangu akaja kutoka Pangani kuondolewa mtoto wa jicho. Yeye ndiye aliyenilea kwa miaka minne mama yangu alipokuwa mgonjwa, na katika nyumba yangu hakupata kulala pengine isipokuwa katika chumba kile. Alifika baada ya Sala ya Isha, akashika njia ya uani moja kwa moja bila kuongozwa, akafungua mlango, akakuta giza na viti. Akasimama pale, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, chumba changu mmekipeleka wapi?"

Ndugu msomaji, sikuwa na jibu. Tulimtandikia godoro sebuleni. Mama huyu huamka usiku wa manane kusali, na sebuleni vijana hupita kwenda kunywa maji. Alipofanyiwa upasuaji akarejea na jicho lililofunikwa, hakuwa na mlango wa kuufunga wala mahali pa kujipumzisha mchana. Hakulalamika hata mara moja. Siku ya tatu jioni alifunga mzigo wake, akasema anakwenda kwa binamu yetu Mbagala. Nilipomsihi abaki, akanijibu kuwa ugeni ni siku tatu, nazo zimekwisha. Daktari alikuwa amemtaka arudi kliniki baada ya wiki, hivyo akawa anapanda daladala mbili, na jicho moja, ilhali nyumba ya mwanawe ipo karibu na hospitali na ndani yake mna chumba chenye viti vinne vitupu.

Tangu siku hiyo neno "chumba hiki hakina kazi" silisikii kama nilivyokuwa nikilisikia.

Chumba cha ziada ni cha nani?

Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillah (R.A), Mtume (S.A.W) ameeleza kuwa tandiko moja ni la mwanamume, la pili ni la mkewe, la tatu ni la mgeni, na la nne ni la shetani. Imamu An-Nawawi, katika kuisherehesha hadithi hiyo, amebainisha kuwa linalolaumiwa ni lile lililozidi haja na kuwekwa kwa kujifaharisha. Basi tuangalie mpangilio wake. Mgeni ametajwa kabla ya ziada, na tandiko lake limehesabiwa miongoni mwa mahitaji ya nyumba, hata kama mwenyewe hajafika.

Hili ndilo tunalolisahau. Chumba cha mgeni hakiwi cha ziada kwa kuwa mgeni hayupo leo, kama vile msikiti hauwi wa ziada kati ya Adhuhuri na Alasiri. Na kwa mazingira yetu mgeni si mtalii. Aghalabu ni mgonjwa aliyeletwa Muhimbili kwa rufaa, au mwanafunzi anayesubiri nafasi chuoni, au binti aliyerudi kwao kukaa eda baada ya kufiwa, au mzee aliyefiwa na mwenzake na hana tena wa kumpikia. Watu hawa hawapigi hodi kwa ratiba yetu.

Mtume (S.A.W), katika hadithi ya Abu Shuraih iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ameufungamanisha ukarimu kwa mgeni na kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho, akaujaalia kuwa siku tatu, na yanayozidi hapo kuwa ni sadaka. Shangazi yangu aliishika sehemu yake ya hadithi kwa ukamilifu. Mimi ndiye niliyeipoteza yangu.

Jirani naye ana haki yake

Haki ya pili ni ya jirani. Mafundi huwaambia watu kuwa wakitandaza zulia, wakatundika mapazia na kubandika trei za mayai ukutani, sauti haitatoka. Maneno haya si sahihi. Zulia na pazia hupunguza mwangwi ndani ya chumba na hunyonya sauti nyembamba, lakini sauti nene ya sabufa haizuiliki kwa kitambaa. Mtetemo wa mara 20 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa mita 17 hivi. Wimbi la namna hiyo haliijali trei ya mayai. Huupita ukuta na mlango, likatetemesha bati la nyumba ya pili. Kinachozuia sauti nene ni uzito wa ukuta na kuziba kila upenyo, nasi nyumba zetu zina madirisha ya nyavu yaliyojengwa kwa ajili ya upepo.

Mwenye kutaka kuziba madirisha ajue gharama inayofuata. Chumba kilichozibwa hupata joto kwa miili ya watu na kwa vyombo vyenyewe, hivyo kitahitaji kiyoyozi, na kiyoyozi aghalabu hula umeme kuliko projekta. Ndipo uniti za LUKU zilizokuwa zikitosha mwezi zikaisha kabla ya mwezi kwisha, na ugomvi ukaingia nyumbani.

Kwa hiyo njia ya karibu ni kupunguza sauti. Mtume (S.A.W) ameeleza kuwa Jibrili (A.S) hakuacha kumuusia juu ya jirani hata akadhani kuwa atamrithisha. Jirani aliyetajwa kwa uzito huo hastahiki kusikia milio ya mabomu saa tano za usiku kupitia ukuta wake. Isitoshe, masikio ya watoto wetu nayo ni amana. Shirika la Afya Duniani limeshauri kuwa sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kila sauti inavyopanda ndivyo muda wa usalama unavyopungua kwa kasi.

Muda, mali na kinachotazamwa

Chumba chenye giza kina hatari nyingine: hakina saa. Aliyemo ndani haoni jua likizama wala hasikii adhana. Abu Barza (R.A) amesimulia kuwa Mtume (S.A.W) alikuwa akichukia kulala kabla ya Sala ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanazuoni wameyavua mazungumzo yenye manufaa, kama ya elimu, au ya mtu na mgeni wake, au na watu wa nyumba yake. Lakini filamu inayoanza saa nne za usiku na kwisha saa saba haina wa kuitetea, ikiwa walioitazama watalala mpaka jua liwachome usoni na Alfajiri iwapite.

Kwa watoto wadogo jambo ni kubwa zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mzazi anayemwacha mtoto wa miaka mitatu ndani ya chumba cha sinema ili apate nafasi ya kupika, atafute njia nyingine.

Ama mali, Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa, aya ya 26 na ya 27, amekataza ubadhirifu na kuwaita wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Nimewaona watu wakinunua vyombo hivi kwa mkopo wa riba, na ada ya madrasa ya mtoto inadaiwa miezi mitatu. Burudani inayonunuliwa kwa riba haina raha ndani yake. Wengine hudhani lazima skrini iwe ya inchi 100. Hesabu ni nyepesi: inatosha kukaa umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya ulalo wa skrini. Skrini ya inchi 100 ina ulalo wa mita mbili na nusu, hivyo humtaka mtazamaji akae karibu mita nne nyuma. Katika chumba cha mita tatu na nusu macho yatachoka na shingo itauma. Runinga ya inchi 55, yenye ulalo wa mita 1.4, hutosheleza chumba kama hicho, haihitaji giza, na dirisha linabaki wazi.

Kuhusu kinachotazamwa, kila mzazi anaijua aya ya kuinamisha macho katika Suratun Nur, wala sina haja ya kurefusha. Nitaongeza moja tu linalosahauliwa. Filamu nyingi zinazopakiwa kwenye flashi mitaani zimechukuliwa bila idhini ya wenyewe. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba mwaka 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na ubunifu ni haki zinazohifadhiwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Haifai basi kumfundisha mtoto uaminifu kwa filamu ya wizi.

Namna tulivyoirekebisha nyumba yetu

Baada ya yaliyotokea, niliwakusanya wanangu na mama yao tukashauriana. Sikuivunja sinema, kwa kuwa kosa halikuwa katika runinga. Tuliving'oa viti vinne na kuviuza, na kwa fedha hizo tukanunua kochi linalokunjuliwa likawa kitanda cha watu wawili. Tukarudisha kabati dogo lenye mashuka, chandarua na taulo za mgeni. Mapazia mazito tukayaondoa, na sabufa tukaiacha izimwe ifikapo saa tatu za usiku.

Jambo moja lilinitaabisha kidogo. Hapa Dar es Salaam Kibla kiko kaskazini, na fundi alikuwa ametundika skrini ukuta wa kaskazini, hivyo mgeni angesali akielekea kioo cheusi kinachomwonyesha sura yake mwenyewe. Anas (R.A) amesimulia kuwa Bi Aisha (R.A) alikuwa na pazia lenye michoro, na Mtume (S.A.W) akamtaka aliondoe kwa kuwa michoro yake ilikuwa ikimjia katika Sala. Tukaihamishia runinga ukuta wa magharibi. Ilitugharimu waya mpya na siku moja ya fundi.

Na mwisho tulikubaliana masharti matatu. Mlango haufungwi kwa ufunguo watu wanapotazama. Filamu husimamishwa adhana inapoanza, bila kusubiri "dakika tano tu". Na siku mgeni anapoingia, chumba ni chake tangu saa hiyo mpaka aondoke, wala hapana mtoto atakayekwenda kumgongea akidai kipindi chake. Hili la tatu ndilo lililokuwa gumu kwao, na ndilo lililowafunza zaidi. Mtoto aliyezoea kuiacha starehe yake kwa ajili ya bibi mgonjwa amesoma darasa ambalo hakuna filamu inayoweza kumsomesha.

Kisha nilifunga safari kwenda Pangani. Nilimwomba shangazi yangu radhi, akacheka, akasema jicho lake sasa linaona vizuri na yeye naye angependa kuitazama hiyo sinema. Alikuja Mfungo Mosi, akalala katika chumba chake siku kumi na mbili. Jioni wajukuu walikuwa wakibisha hodi kwake, na yeye ndiye aliyekuwa akitoa ruhusa ya kuwasha.

Ndugu msomaji, nawe unayekusudia kukigeuza chumba chako, sikukatazi. Nakuomba tu, kabla hujamwita fundi, ukae ndani ya chumba hicho peke yako na uwakumbuke watu waliolala humo na watakaohitaji kulala humo kesho. Mwandalie mgeni kwanza, kisha jirani, kisha burudani. Ukivipanga kwa mpangilio huo, nataraji utapata vyote vitatu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe za utulivu na rehema, azifanye pana kwa wageni wetu, na atusamehe pale tulipozifanya finyu. Amin.

Wabillahi tawfiq.